Nani aliyemnyima simba punda milia? Kisa cha sisimizi wa Laikipia

Mwaka 2003, katika hifadhi ya Ol Pejeta, Laikipia nchini Kenya, asilimia 67 ya wanyama waliouawa na simba walikuwa punda milia. Nyati hakuwemo kabisa kwenye hesabu hiyo. Kufikia 2020 punda milia walikuwa wameshuka hadi asilimia 42, na nyati, kutoka sifuri, nao wamefika asilimia 42. Simba wenyewe hawakupungua.

Hilo la mwisho lisikupite. Mkuu wa hifadhi anayeletewa takwimu moja tu kila mwaka, ya idadi ya simba, angesaini karatasi na kulala usingizi mzuri. Simba wapo, watoto wanazaliwa, watalii wanapiga picha. Ila anayemjua nyati atauliza. Nyati dume mkubwa anakaribia kilo 800, jike lake linatembea na kundi, na kundi la nyati likichokozwa halitawanyiki kama punda milia. Linageuka na kukufuata. Simba amekufa kwa pembe za nyati mara nyingi tu. Punda milia ana mateke, ni kweli, lakini uzito wake haufiki nusu ya nyati, na akishakamatwa mambo yameisha. Simba aliyeacha kitoweo chepesi akaenda kwenye kizito, kuna kitu kimemsukuma.

Washukiwa wa kawaida unawajua: ukame, fisi, ng'ombe, majangili. Katika kisa hiki mshukiwa ana urefu wa milimita 2 hivi.

Tuanze na mti. Ukitoka Nanyuki kuingia nyanda za Laikipia, udongo unabadilika na kuwa mweusi, ule mfinyanzi ambao mvua ikinyesha unashika gurudumu la gari na halitoki, na jua likiwaka unapasuka nyufa za kuingia mkono. Juu ya udongo huo unaota mti mmoja kuliko yote: mgunga unaopiga mluzi, kwa jina la kitaalamu Acacia drepanolobium (siku hizi wataalamu wa mimea wameuhamishia jina la Vachellia, ila wengi wetu bado tunauita kwa la zamani). Kwenye sehemu nyingi za udongo huo, kati ya asilimia 70 na 99 ya miti yote ni huo mmoja. Ni mfupi, mara nyingi haupiti kimo cha nyumba ya chini, na ukiutazama kwa mbali unadhani umezaa matunda meusi. Si matunda. Ni miiba iliyovimba kwenye kitako ikawa kama vifuu vidogo, mitupu ndani, na kila kimoja kina tundu lililotobolewa. Upepo ukipita kwenye matundu hayo, mti unapiga mluzi, na ndipo jina lilipotoka.

Waliotoboa ni sisimizi. Mti unawajengea vyumba kwenye miiba, unawapa na maji matamu kutoka kwenye tezi ndogo zilizo kwenye vikonyo vya majani. Kodi yao ni ulinzi. Tikisa tawi la mgunga unaokaliwa na sisimizi wa aina ya Crematogaster mimosae uone. Kwanza unasikia harufu kali, ndiyo king'ora chao. Kabla hujamaliza kujiuliza imetoka wapi wameshamwagika kutoka kila tundu, matumbo wameyabinua juu ya vichwa, wanakimbilia kilichotikisa. Hawakung'ati mkono wakaridhika. Wanatafuta ngozi laini: katikati ya vidole, kope, midomo.

Sasa fikiria mkonga. Tembo anavunja mti unaofika mgongoni mwake bila kuhema, lakini ndani ya mkonga kuna ngozi laini yenye mishipa mingi ya fahamu, na hakuna namna ya kuufunga mlango. Watafiti Jacob Goheen na Todd Palmer, waliokuja kushiriki pia kwenye utafiti wa simba nitakaoufikia, walilipima jambo hili na kulitangaza mwaka 2010. Tembo yatima waliopewa matawi ya mgunga huu yaliyoondolewa sisimizi waliyala bila wasiwasi. Yaliyokuwa na sisimizi waliyakwepa. Kisha wakachukua matawi ya mgunga wa aina nyingine, ambao kwa kawaida hauna walinzi na tembo wanaupenda, wakayapandikiza sisimizi: tembo wakayakwepa nayo. Porini wakapunguza sisimizi kwenye baadhi ya miti wakaiacha. Baada ya mwaka, kadiri walinzi walivyokuwa wachache ndivyo mti ulivyokuwa umevunjwa zaidi. Sijui kama kuna jaribio safi kuzidi hilo la kuonyesha kwamba kinachomzuia tembo ni mdudu, si mwiba.

Hapa ni lazima nisimame kidogo, kwa sababu watu wakisikia kisa hiki huwa wanakisimulia kama hadithi ya urafiki, mti mwema na sisimizi mwaminifu, kisha akaja mgeni mbaya. Haikuwa hivyo hata kabla ya mgeni. Kwenye udongo mweusi wa Laikipia kuna aina nne za sisimizi wanaogombania mgunga, na kwa kawaida mti mmoja unakaliwa na ukoo mmoja. Wanapigana vita vya kweli. Matawi ya miti miwili jirani yakigusana, asubuhi unaweza kukuta maiti chini. Crematogaster sjostedti ndiye mbabe, anafuatwa na mimosae, kisha nigriceps, na mnyonge kuliko wote ni Tetraponera penzigi. Na ubabe si wema kwa mti. Sjostedti hakai kwenye miiba, anakaa kwenye mashimo yaliyochimbwa shinani na viluwiluwi vya mbawakawa, kwa hiyo mbawakawa wakiula mti, kwake ni mafundi wamekuja kuongeza vyumba. Nigriceps anatafuna machipukizi ya pembeni ili tawi lisirefuke likagusa mti wa jirani mbabe, na kwa kufanya hivyo anauzuia mti kutoa maua. Penzigi anaharibu zile tezi za maji matamu, pengine ili wakubwa wasivutiwe na nyumba yake. Kwa hiyo "mlinzi" ni mpangaji mwenye masilahi yake, na mti unaishi nao wote kwa zamu katika maisha yake marefu.

Kwamba ni biashara na si urafiki kulionekana wazi kwenye uzio wa Mpala. Katika kituo cha utafiti cha Mpala, Laikipia hiyohiyo, tangu 1995 kuna vipande vya ardhi vya hekta 4 kila kimoja vilivyozungushiwa uzio wa aina tofauti: kuna ambapo tembo na twiga hawaingii, kuna ambapo wanyamapori wakubwa wote hawaingii, kuna palipoachwa wazi. Baada ya miaka 10 ungetegemea migunga isiyoliwa na tembo inawiri. Matokeo yaliyotangazwa 2008 yalikuwa kinyume. Mti usioguswa na wanyama uliacha kulipa: ukapunguza miiba iliyovimba, ukapunguza tezi. Mimosae, mlinzi mkali, akanyong'onyea, miti aliyoishika ikapungua kwa karibu theluthi, na waliobaki wakajitafutia kipato kingine kwa kufuga wadudu magamba wanaofyonza utomvu wa mti huohuo. Sjostedti akaongeza eneo lake mara 2. Mbawakawa wakaingia. Miti ndani ya uzio ikakua polepole na kufa kwa kasi mara 2 ya ile ya nje inayoliwa kila siku.

Kwa hiyo tembo, adui wa mti, ndiye aliyekuwa anaushikilia mkataba usivunjike. Nimeuweka uzio huu hapa kwa makusudi, kabla ya kufika kwa mgeni, kwa sababu unatufundisha kusoma kinachofuata. Ukimtoa tembo ukamwacha sisimizi, mti unaumia polepole kwa miaka. Kinachotokea Ol Pejeta ni upande wa pili: tembo amebaki, sisimizi ametoka.

Aliyemtoa ni Pheidole megacephala, sisimizi wa kichwa kikubwa. Vibarua wake ni wadogo, rangi ya kahawia, huwezi kuwageukia mara ya pili. Askari wake ndio waliompa jina: kichwa kimekuwa kikubwa mpaka mwili unaonekana kama kiambatisho. Mdudu huyu alielezwa kisayansi mara ya kwanza mwaka 1793 kutokana na vielelezo vya Mauritius, na leo yuko karibu kila nchi ya joto yenye bandari, kwenye orodha ya viumbe 100 wageni waharibifu kuliko wote duniani. Anasafiri kwenye udongo wa miche, kwenye mizigo, kwenye vifaa vya ujenzi. Laikipia alianza kuonekana mwanzoni mwa miaka ya 2000, na kama kwingineko, alianzia penye makazi ya watu.

Nguvu yake haiko kwenye meno. Sisimizi wengi wa koo mbili tofauti wakikutana wanauana. Wa kichwa kikubwa waliokwisha kuvamia mahali hawapigani wao kwa wao. Kichuguu na kichuguu ni ndugu, malkia ni wengi, na eneo lote linakuwa kama mji mmoja. Hawategemei malkia aruke mbali kuanzisha ukoo. Wanajimega: malkia na vibarua wanatembea hatua chache, wanachimba, wanaendelea. Ndiyo maana mstari wa uvamizi unasogea taratibu, kiasi cha mita 50 kwa mwaka au chini ya hapo, na ndiyo maana pia hausiti. Wakifika kwenye mgunga wanapanda kwa wingi, wanaua sisimizi waliokomaa, wanakula mayai na viluwiluwi vilivyomo kwenye miiba. Mimosae aliyemkimbiza tembo anamalizwa na kitu kidogo kuliko yeye.

Kisha wanashuka. Hapo ndipo kiini cha kisa. Wa kichwa kikubwa hakai kwenye mti, anakaa ardhini, na hana sababu ya kuufia. Tikisa tawi lililo upande wake wa mstari: hakuna harufu, hakuna anayetoka. Miiba ipo, mluzi upo, walinzi hawapo.

Tembo hakuchelewa kugundua. Katika maeneo yaliyovamiwa wanavunja migunga kwa kasi ya mara 5 hadi 7 kuliko upande ambao walinzi wa asili bado wako. Methali yetu inasema wapiganapo tembo nyasi huumia. Hapa wamepigana sisimizi, ikaumia miti. Panapokuwa na mgunga wa aina moja karibu peke yake, mti huo ukianguka hakuna mwingine wa kushika nafasi yake, na kichaka kinageuka uwanja wa majani.

Na simba? Simba si duma. Hana mbio za masafa. Anachohitaji ni kusogea, kulala chini, kusogea tena, mpaka abakize hatua chache. Kichaka cha migunga kinampa hicho. Uwanja haumpi, na punda milia wana macho.

Kusema hivyo ni rahisi, kuthibitisha ni kazi, na hapo ndipo ninapoiheshimu kazi ya Douglas Kamaru, mtafiti Mkenya, na wenzake, iliyotoka kwenye jarida la Science Januari 2024. Wangeweza kulinganisha tu sehemu iliyovamiwa na isiyovamiwa. Lakini wa kichwa kikubwa anaanzia penye watu, na penye watu huenda simba ana sababu nyingine za kutowinda. Kwa hiyo walitumia vipande vya ardhi vya makundi manne: palipo na mvamizi na tembo wanaingia, palipo na mvamizi na tembo wamezuiwa, na vivyo hivyo upande usio na mvamizi. Hapo tembo anatenganishwa na sisimizi. Wakapima umbali ambao jicho linafika katikati ya miti. Wakawavisha simba jike mikanda ya GPS na kufuata walikolala, walikokaa, walikoua. Wakahesabu punda milia walipo.

Palipo na mvamizi na tembo kwa pamoja, jicho lilifika mbali zaidi ya mara 2 na nusu. Na uwezekano wa punda milia kuuawa ulikuwa karibu mara 3 zaidi upande ambao haujavamiwa. Tofauti haikutokana na punda milia kuhama, ilitokana na uwazi wa ardhi.

Mnyororo basi ni huu: sisimizi mgeni, sisimizi mwenyeji, mgunga, tembo, uwazi, punda milia, nyati. Pete saba. Mimi nimezoea kushuku hadithi za aina hii, kwa sababu kila pete unayoongeza ni mahali pengine pa kukosea. Nikiipima hii, pete za mwanzo zimefungwa kwa majaribio: watu wameondoa sisimizi kwa mikono yao, wameongeza, wamezuia tembo. Ya punda milia imefungwa vizuri pia. Ya nyati ndiyo nyepesi kuliko zote, kwa kuwa ni mwenendo wa miaka 17 katika hifadhi moja, na miaka 17 ina mambo mengi ndani yake. Anayeandika kichwa cha habari "sisimizi wamewafanya simba wale nyati" ameruka pete mbili. Simba wameongeza nyati wakati punda milia wanazidi kuwa wagumu. Maelezo ya sisimizi yanaingia vizuri, lakini hayana uzito sawa na mkonga uliokwepa tawi.

Na kuna anayestahili kuulizwa zaidi ya simba, ila hana wapiga picha wengi: kifaru mweusi. Ol Pejeta ni moja ya makao yao makubwa Afrika Mashariki, na mgunga huu ni sehemu kubwa ya chakula chao. Simba alipokosa punda milia alikwenda kwa nyati. Kifaru hali nyati.

Wasomaji wa pwani huenda wameshamtambua mdudu huyu, kwa sababu ugomvi wake kwao ni wa zamani kuliko wa Laikipia. Maji moto, wale wekundu wanaoshona majani kwa nyuzi na kukumwagikia shingoni ukiwa juu ya mwembe, ndio walinzi wa mnazi. Mnazi una kunguni wake, Pseudotheraptus wayi, anayetoboa vidaka vikiwa bado vichanga na kuvifanya vianguke kabla hata havijawa vitale. Mnazi wenye maji moto wengi unabakiza vidaka vyake, kwani kunguni anawindwa. Mtaalamu Michael Way, ambaye kunguni huyo amepewa jina lake, alifanya kazi Zanzibar na mwaka 1953 akaandika jinsi aina za sisimizi zinavyofukuzana shambani. Mmoja wa wanaomfukuza maji moto ni huyuhuyu wa kichwa kikubwa, anayekaa kwenye udongo wa shina la mnazi. Mkulima anaona vidaka chini, anailaumu mvua, au jirani.

Zanzibar kulijaribiwa dawa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilichapishwa kazi iliyotumia chambo cha sumu ya taratibu: kibarua anakibeba, anakipeleka kichuguuni, malkia analishwa. Wa kichwa kikubwa walipungua, maji moto wakapata nafasi ya kutanuka. Kwenye shamba la minazi, ambapo mkulima anaujua kila mti, hilo linawezekana. Katika hifadhi ya Kakadu, kaskazini mwa Australia, waliwahi kumng'oa kabisa kwenye eneo la hekta zipatazo 30. Ol Pejeta ina kilomita za mraba kama 360, hekta 36,000, na chambo hakijui kusoma: sisimizi mwenyeji naye anakila. Ukimwaga kwenye mstari wa mbele, ambako mimosae bado anashikilia, unaweza kumsaidia mvamizi kazi. Kinachobaki kufanyika kwa busara ni kuzungushia uzio vipande vya migunga ili tembo wasiifikie, na kukagua udongo wa miche na mizigo kabla haijapita geti. La pili ni rahisi kuliko yote na haliingii kwenye picha ya mtalii, kwa hiyo nina wasiwasi nalo.

Nimemwacha mmoja makusudi. Penzigi, yule mnyonge wa nne, mwembamba, mweusi, aliyekuwa akifukuzwa na kila jirani mpaka akalazimika kuharibu tezi za nyumba yake ili isitamaniwe. Watafiti waliopita nyuma ya mstari wa uvamizi, kwenye miti ambayo sjostedti, mimosae na nigriceps wamekwisha futika, wamekuwa wakimkuta bado yumo ndani ya miiba. Hatoki kupigana. Tundu la mlango wake ni dogo, na wa kichwa kikubwa wakipanda, yeye anabaki ndani.